Mchango wa sikukuu usiingizwe kwenye ada ya nyumba

Katika miji ya India, wenye fleti za jengo moja huunda chama cha ushirika cha makazi, na kila mmoja huletewa ankara ya matunzo: maji, mlinzi, lifti, taa za ngazi, akiba ya matengenezo. Ugomvi huanza pale chini yake unapoongezwa mstari mwingine, mchango wa sikukuu. Je, mkutano mkuu ukishapiga kura, kila mkazi analazimika kulipa?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Chama ni cha hiari, na aliyejiunga amekubali kanuni zake. Mwaka 2005, katika kesi ya chama cha Waparsi (wafuasi wa dini ya Zoroasta) cha mji wa Ahmedabad, Mahakama ya Juu ya India ilikiacha kibaki na sharti la kupokea Waparsi peke yao, ingawa mwanachama mmoja alitaka kumuuzia mtu wa nje. Tena sikukuu si anasa. Tangu Tilak, kiongozi wa kupigania uhuru wa India, alipoitoa sikukuu ya Ganesh, mungu wa Wahindu, majumbani na kuifanya ya hadhara mwaka 1893, huko katika jimbo la Maharashtra imekuwa siku za watu kukutana. Majirani waliopishana kwenye lifti mwaka mzima bila salamu hukaa pamoja uani, na watoto hujifunza majina ya wazee wa ghorofa ya juu. Kitu hicho nakithamini sana.

Hata hivyo, kifungu cha 27 cha Katiba ya India kinakataza mtu kulazimishwa kulipa kodi iliyotengwa kwa ajili ya kuendeleza dini fulani. Kamati itajibu kwamba chama si serikali, na ada si kodi. Kwa maneno ya sheria, ni kweli. Lakini tazama deni hilo linavyodaiwa. Chini ya sheria ya vyama vya ushirika ya Maharashtra ya 1960, msajili wa vyama akitoa hati, deni la mwanachama hukusanywa kama malimbikizo ya kodi ya ardhi, na mali yake yaweza kukamatwa. Mchango ukishachanganywa na ada ya maji, nguvu hiyo ya dola inasimama nyuma yake.

Na hiyo hiari ni ya namna gani? Mtu hununua fleti kwa sababu ya kazi, shule ya watoto na uwezo wake. Mkazi Mwislamu, Mkristo, au Mhindu asiye na imani, hana njia ya kujitoa ila kuuza nyumba.

Utaratibu wa zamani upo: vijana hupita mlango kwa mlango na kitabu cha risiti wakiomba vargani, yaani mchango. Nao una shinikizo lake, maana ukishaona kwenye ukurasa alichotoa jirani, ni vigumu kuandika kidogo. Lakini unaweza kusema hapana bila kuwa mdaiwa.

Kupandisha bendera na kunywa chai Siku ya Jamhuri, tarehe 26 Januari, kwaweza kulipiwa na wote kwa kura, kiasi kikiwa kidogo. Sanamu, kuhani na sadaka vilipiwe na wanaotaka, kwa mfuko wa peke yake. Hesabu za mfuko huo zibandikwe kwenye ubao wa matangazo bila orodha ya majina, ili aliyetoa ajue pesa yake ilikokwenda, na asiyetoa asiulizwe kitu.