Urusi: Faini ya kipigo hutoka mfukoni mwa aliyepigwa

Anayetaka kuijua hali ya mwanamke Urusi asiishie kwenye hotuba za maadili ya familia. Aisome sheria ya faini.

Februari 2017 Vladimir Putin alitia saini mabadiliko yaliyokiondoa kipigo cha kwanza ndani ya familia kwenye makosa ya jinai. Duma, bunge la chini la Urusi, lilikuwa limeyapitisha kwa kura 380 dhidi ya 3. Seneta Yelena Mizulina na wenzake walidai mzazi asije akafungwa kwa sababu ya kofi. Tangu hapo, kipigo kinacholeta maumivu na michubuko tu ni kosa la kiutawala, si la jinai, chini ya kifungu 6.1.1: faini ya rubli 5,000 hadi 30,000, au kifungo cha siku 10 hadi 15, au kazi za lazima saa 60 hadi 120.

Mahakimu mara nyingi huchagua faini. Haimfikii aliyepigwa hata kopeki moja. Inaingia hazina ya serikali. Kama wawili hao wanakula chungu kimoja, imetoka kwenye kodi ya nyumba na chakula cha watoto. Sheria iliposainiwa, kima cha chini cha mshahara kilikuwa rubli 7,500, kwa hiyo hata faini ndogo kabisa ilimeza theluthi mbili yake. Nani atapiga simu polisi mara ya pili?

Akipigwa tena ndani ya mwaka, kesi inakuwa ya jinai, kifungu 116.1. Na hapa ndipo penye ubovu wenyewe, kuliko hata kwenye faini. Shauri hilo huitwa mashtaka binafsi: polisi na mwendesha mashtaka kwa kawaida hukaa pembeni, na mwanamke anaandika hati ya mashtaka mwenyewe, anatafuta cheti cha daktari, analeta mashahidi, kisha anasimama mahakamani kama mshtaki. Mtuhumiwa anaweza kupewa wakili wa serikali; mwanamke hapewi. Asipofika bila sababu ya msingi, kesi inafutwa. Mwanamume naye anaruhusiwa kufungua malalamiko ya kujibu, na yakasikilizwa pamoja. Jioni wote wawili wanarudi nyumba ile ile, maana amri ya mahakama ya kumzuia mpigaji asimkaribie aliyepigwa haipo.

Julai 2019, katika kesi ya Volodina dhidi ya Urusi, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilieleza upungufu huu bila kumung'unya maneno. Novemba mwaka huo rasimu ya sheria dhidi ya kipigo cha nyumbani, iliyopiganiwa na wanaharakati kama Alyona Popova, ilitangazwa, ikiwa imepunguzwa makali, na haikupitishwa. Desemba 2020 kituo cha Nasiliu.net kinachowasaidia waathirika kiliorodheshwa kuwa "wakala wa kigeni", jina ambalo serikali hulibandika kwa wale inaodai wanatumikia nchi za nje. Septemba 2022 Urusi ikaacha kufungwa na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu.

Wasiseme serikali haiwezi kubadilika. Orodha ya kazi zilizokatazwa kwa wanawake ilipunguzwa kutoka 456 hadi takriban 100 mwaka 2021, na wanawake wakaanza tena kuendesha treni za metro ya Moscow. Treni zilihitaji madereva. Nadhani hilo lilisaidia kuliko hoja yoyote ya haki.

Kwa kipigo cha nyumbani, pa kuanzia ni mambo mawili: mashtaka yaendeshwe na serikali, na polisi wapewe uwezo wa kumtoa mpigaji ndani ya nyumba usiku ule ule.