Forodha ya Bahrain Chini ya Waingereza: Hesabu Safi, Lakini kwa Ajili ya Nani?

Kabla ya mafuta kugunduliwa Bahrain mwaka 1932, hazina ya visiwa vile ilitegemea ushuru wa forodha kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa fedha za lulu ndizo zilizonunua mchele, nguo na mbao zilizoshushwa Manama. Kwa miaka mingi forodha hiyo ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi walioikodi, yaani walilipia haki ya kukusanya ushuru, na kilichopatikana kiliingia katika mfuko wa mtawala, Sheikh Isa bin Ali Al Khalifa, bila kutenganishwa na mali yake binafsi. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua utaratibu huo, maana hata Unguja forodha ya Sultani ilikodishwa kwa kampuni ya mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji.

Mwezi wa Mei 1923 Uingereza ilimlazimisha Sheikh Isa, aliyetawala tangu 1869, kumwachia mwanawe Hamad madaraka. Haukupita muda mrefu Mwingereza, Claude de Grenier, akapewa uongozi wa forodha, na mwaka 1926 akawasili Charles Belgrave, ambaye awali alikuwa ofisa wa utawala Tanganyika, kuwa mshauri wa mtawala.

Wanaoitetea hatua hiyo wana hoja nzito, na si haki kuipuuza kwa sababu tu ilitoka kwa wakoloni. Wakulima wa Kibaharna, ambao ni Mashia, walikuwa wakitozwa kodi ambazo makabila yaliyokuwa karibu na watawala hayakulipa, tena wakilazimishwa kufanya kazi bila ujira, na wao wenyewe ndio waliopeleka malalamiko kwa wakala wa Uingereza, yaani ofisa aliyeiwakilisha Uingereza Bahrain. Forodha ilipoanza kuwekewa hesabu, ikawezekana kulipa polisi na watumishi wa serikali kwa mishahara inayojulikana, na posho za ukoo wa mtawala zikawekewa kiwango, ingawa ziliendelea kumeza sehemu kubwa ya mapato.

Hata hivyo, waliopinga mabadiliko hayo mwaka 1923 hawakuwa wakitetea tu mambo ya zamani. Ni kweli kwamba waliowaongoza, akiwemo Abdulwahhab al-Zayani, walitoka katika tabaka lililonufaika na utaratibu wa kale, na jambo hilo lisifichwe. Lakini walidai pia baraza la mashauriano na kukomeshwa kwa uingiliaji wa wakala wa Uingereza katika mambo ya ndani. Jibu walilopata ni al-Zayani kuhamishiwa India kwa nguvu, na baraza halikuundwa.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro kubwa ya mageuzi yale, nayo haihusu uaminifu wa makarani. Mtawala alizuiwa kuitumia forodha apendavyo, jambo lililowafaa raia, ila uwezo aliopokonywa haukuhamia kwao. Ulihamia kwa mshauri ambaye hawakumchagua na ambaye nyuma yake palikuwa na manowari za Uingereza. Mwanakijiji aliyepunguziwa dhuluma alikuwa na sababu ya kushukuru, na simlaumu, lakini hakuwa na chombo chochote cha kuikataa bajeti iliyoandikwa kwa jina lake. Ndiyo maana miaka ya 1954 hadi 1956, wakati fedha za mafuta zilikwisha kuupita ushuru wa forodha, Wasuni na Mashia waliungana kudai bunge la kuchaguliwa na kuondolewa kwa Belgrave. Belgrave aliondoka mwaka 1957, lakini viongozi watatu wa harakati hiyo walikuwa tayari wamefungwa katika Saint Helena, kisiwa cha Uingereza katika Bahari ya Atlantiki.