Jini wa Mji Mkongwe Anavuja

Hivi mtu na akili zake timamu anatoa hela mfukoni ili akalale na jini? Kwetu Mbagala jini akisikika kwenye nyumba, wapangaji wanahama usiku huohuo na mwenye nyumba anabaki kuhangaika na mashehe wa kumsomea kisomo. Unguja nimekuta mambo kinyume. Jini akisikika, bei ya chumba inapanda.

Aliyeniponza ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, anayeishi Ujerumani. Akaja likizo na mumewe Mjerumani, mwanyumba wangu, mtu mwema kabisa, tatizo lake anasoma sana. Wakatukatia tiketi za boti na kutuwekea vyumba viwili kwenye hoteli moja ya kale ndani kabisa ya Mji Mkongwe. "Shemeji, ni hoteli yenye historia," akaniambia. Nikaitikia, kwani cha bure nani anakikataa? Hakunitajia kwamba historia yenyewe inatembea usiku.

Jina la hoteli silitaji, nisije nikaitwa kwa maneno. Ni humo vichochoroni, mlango mkubwa wa nakshi wenye misumari ya shaba iliyosuguliwa mpaka inameta. Nilivyouona ule mlango nikajisemea, leo tumefika pazuri. Ukishauvuka ndio unagundua kuwa pesa yote ya matengenezo iliishia mlangoni.

Mimi ni fundi bomba, na kazi hii imeniharibu. Nikiingia nyumba ya watu, kabla sijaonyeshwa pa kukaa nimeshasikia koki inayodondosha. Mapokezi pale palikuwa na mzee wa kanzu na kofia ya viua, amekaa na kahawa yake. Tukasalimiana vizuri, nikamwambia, "Mzee wangu, taa ya ngazini haiwaki."

"Huyo bibi hapendi mwanga, mwanangu."

"Bibi gani?"

"Mwenye nyumba."

Nikadhani ni mama mmoja mtu mzima anayelala mapema. Nikaulizia maji ya moto. Bibi hapendi mvuke. Kitasa cha mlango wa chumba chetu hakishiki, mlango unafunguka wenyewe, nikashuka tena kusema. "Hapo ndipo anapopita," mzee akanijibu bila haraka, "tukipafunga ananuna." Shemeji na mwanyumba macho yamewatoka kwa furaha. Mimi nimekaa kwenye fani hii miaka, sijawahi kuona mtu aliyepata kisingizio kizuri namna ile. Mafundi wote wa Dar tunahangaika kusema foleni, mara kifaa kimekosekana Kariakoo, kumbe ungesema tu bibi amenuna.

Habari ya bibi mwenyewe ilikuja jioni. Mume alikwenda bara kutafuta pembe za ndovu, hakurudi, mke akamngoja dirishani mpaka roho ikamtoka, na hadi leo anangoja. Nikamuuliza mzee jina lake nani. Akasema wenyewe hawapendi kutajwa. Haya.

Mwanyumba hapo akaingiza usomi wake. Akauliza kama huyo bibi anaweza kuwa Bibi Salme, yule binti wa Sultani Said aliyetoroka mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani. Nikamwambia mwanyumba, Salme alifia hukohuko kwenu, Jena, mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Akitaka kuja kutusumbua huku itabidi akate tiketi ya ndege, na akifika atalipishwa bei ya mgeni. Mzee wa mapokezi akanikata jicho. Nikaona naharibu biashara, nikanyamaza.

Lakini ukweli ni kwamba pale mjini kila nyumba ya ghorofa ina mfu wake. Wanaotembeza wageni watakuonyesha Mambo Msiige kule Shangani, jengo ambalo leo ni sehemu ya hoteli kubwa ya kifahari, watakwambia watu walizikwa wazima ukutani na chokaa ilikorogwa kwa maelfu ya mayai. Mimi kwenye mayai ndipo wanaponipoteza. Mambo yaliyotendeka kweli katika mji ule kabla soko la watumwa halijafungwa mwaka 1873 yanatosha kumkosesha mtu usingizi bila kuongezewa chumvi, sembuse mayai.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Sultani aliyelifunga soko lile, kwa kubanwa na Waingereza, ni Barghash, na Barghash huyohuyo ndiye aliyewaletea watu wa mji maji ya bomba, kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ndani kukawa na lifti na taa za umeme, watu wakija kushangaa. Sisi, karne na zaidi baadaye, tunapanda ngazi gizani na sanduku la shemeji lililojaa chokoleti, na juu maji yanatoka machozi. Kama kuna mzimu wenye haki ya kulia katika mji ule, ni wa Barghash.

Chumba chenyewe kirefu na chembamba. Nyumba hizo ndivyo zilivyo, dari linabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo ukinyoosha mikono miwili umekaribia kumaliza upana. Kitanda ni samadari, kimeinuka mpaka wamekuwekea kigoda cha kupandia. Nikalala chali nikitazama dari. Wenzangu wanamsubiri bibi, mimi naangalia ile boriti ya tatu, imeoza nchani pale inapoingia ukutani, ungaunga umemwagika kwenye chandarua. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikaua watu, na hiyo ni nyumba ya kifalme iliyokuwa kwenye ukarabati. Bibi hata akija atanitisha tu aende zake. Boriti haitishi kwanza.

Nikashuka tena. "Mzee, ile boriti."

"Hii nyumba iko kwenye urithi wa dunia, mwanangu. Tangu 2000. Hapigi mtu msumari hapa bila kibali."

Mama watoto ni mtu wa Tanga. Mtu wa Tanga kutishiwa jini wa Unguja ni sawa na mvuvi kutishiwa ndoo ya maji. Alisoma dua zake, akageukia ukutani, ndani ya dakika tano anakoroma. Kabla ya hapo alinichokoza kidogo, akanikumbusha mwaka 1995 popobawa, lile jini linalosemwa huvamia watu usiku vitandani, hasa wanaume, alipozitikisa Pemba na Unguja, watu wazima na ndevu zao wakalala nje kwa makundi wakiota moto. "Wewe lala tu baba nanihii, wanawake hatuna presha." Kisha akanigeuzia mgongo. Ndio nini sasa, mtu umemwambia hivyo na mlango haufungi?

Saa nane usiku ikaanza. Kwanza tone. Tip. Kimya. Tip. Halafu juu ya kichwa changu mti ukalia kwaa, mara ukalia tena mbele kidogo, kwaa, kama unaelekea mlangoni. Na mlango, kwa ridhaa yake, ukafunguka.

Niseme ukweli, utaalamu una saa zake. Ungeniuliza saa nane mchana ningekupa darasa: kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, zinameza joto la mchana kutwa na kulitapika usiku, mbao zikipoa zinanywea, zikinywea zinalia. Saa nane usiku darasa lote lilinitoka, nikabaki na Ayatul Kursi, nayo nikaanzia katikati.

Ndipo likaja la kugonga. Ngo! Ngo! Ngo! Mara tatu, ukutani, upande wa kichwani. Nikatoka mbio hadi koridoni. Nani nimkute pale? Mwanyumba, kaptula na soksi, simu mkononi anarekodi, amefurahi utadhani timu yake imefunga. Ananinong'oneza, "Umesikia? Amegonga mara tatu!"

Na hapo kwenye kugonga ndipo akili yangu iliporudi. Kwa sababu kabla ya ngo ya kwanza nilikuwa nimesikia kitu kingine chini kabisa, mngurumo mdogo. Pampu. Pampu inawaka yenyewe chini, inasukuma maji kwenda tangi la juu, bomba lina hewa na halikubanwa ukutani hata kwa klipu moja, maji yakifika kwenye kona linaruka na kupiga ukuta. Pampu inawaka kwa nini saa nane usiku watu wote wamelala? Kwa sababu maji yanapotea mahali. Tip. Tip.

Nikapanda darini kwa tochi ya simu, mwanyumba nyuma yangu anapumua kwa nguvu. Tangi lenyewe lile pale, boya limetoboka, limezama, halifungi tena, maji yanafurika kwenye bati na bati liko juu kabisa ya chumba chetu. Nikaliinua lile boya kwa mkono nikalitikisa, maji yanacheza ndani. Tone likakoma. Mwanyumba akazima simu yake taratibu, uso umemshuka. Nilimwonea huruma kwa kweli. Nikaliachia, tone likarudi, na yeye akachangamka kidogo.

Usingizi ulinipata alfajiri, na kunguru wakaanza. Hao nao waliletwa kutoka Uhindi miaka ya 1890 eti waje kula taka za mji. Taka zipo, na wao wapo, na mkutano wao mkuu unafanyika kwenye dirisha la chumba chetu.

Chai tuliandaliwa juu, mkate wa ufuta na bahari mbele yetu, hapo sina la kusema. Shemeji akakijaza kitabu cha wageni ukurasa mzima, hatua za bibi, kilio cha bibi, bibi alivyogonga. Nikafunua kurasa za nyuma. Watu wa Italia, wa Afrika Kusini, wa Kenya, wote wamesikia tip, wote wamesikia ngo, wote wameshukuru.

Nikamfuata mzee mapokezi, nikamvuta pembeni kiungwana. "Mzee wangu, mimi ni fundi. Juu kule ni boya tu. Nipe nusu saa, na bomba nalibana klipu nne, hutasikia kitu tena."

Mzee akaweka kikombe chini. Akatazama huku na huku. "Husikii kitu tena?"

"Hata kidogo."

"Na hao wageni wanalipa ili wasikie nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Akanisogelea, sauti ameishusha. "Badala yake, kuna chumba namba tisa, upande wa pili. Bomba lake zima, mlango unafunga, taa inawaka. Wageni wanalalamika hawaoni chochote, juzi mmoja kadai arudishiwe pesa. Huwezi kunilegezea lile bomba japo kidogo?"

Nikamwambia inawezekana, ila kwangu kuvujisha na kuziba ni bei moja, na nusu natanguliziwa.