Siku 31 za Wapemba wa Kenya: maneno ya wazee ni ushahidi au porojo?

Julai 2023, mjini Kilifi, Rais William Ruto aliwakabidhi Wapemba vitambulisho vya taifa. Ni watu wenye asili ya kisiwa cha Pemba, Zanzibar, waliovua bahari ya Kenya kwa vizazi, huku wakimkwepa askari kwa sababu hawakuwa na nambari ya kuandikia leseni, kusajili laini ya simu wala kufungulia akaunti ya benki. Wengi tulishangilia. Wapo wenzetu, tena si wajinga, wasioshangilia. Wanauliza: serikali ilijuaje nani ni nani, ikiwa wengi hawakuwa na hata kipande cha karatasi? Walichokuwa nacho ni simulizi: baba alitoka Wete kule Pemba, tukashuka Shimoni pwani ya Kwale, fulani akatupokea.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 15, ilimruhusu asiye na uraia wa nchi yoyote aombe kusajiliwa, kwa muda maalumu, iwapo alikuwa ameishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963. Alitakiwa pia ajue Kiswahili au lugha nyingine ya hapa. (Mpemba kutahiniwa Kiswahili na ofisa wa usajili! Hilo tuliache.)

Wenye shaka wana hoja nzito. Tarehe ikishajulikana, kila hadithi huangukia upande wake unaofaa; hakuna babu atakayesema alifika 1971. Mashahidi ni jamaa wa anayeshuhudiwa. Barua ya mzee wa mtaa nayo tunajua hupatikana vipi, na chai yake huwa kiasi gani. Kisha kuna dago, yaani kambi ya uvuvi ya msimu. Wavuvi wa Pemba walikuja kwa msimu, wakapiga kambi ufukweni, wakaanika ng'onda, wakarudi kwao kuoza mabinti na kuzika wazee. Sasa hapo neno "mfululizo" linakaa wapi? Mzee mkweli atalitaja dago mwenyewe bila kuulizwa, na ukweli wake ndio utakaomwangusha.

Hayo yote nayakubali. Kinachonishughulisha ni ile tarehe.

12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru. 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar. Kati yake ni siku 31. Wengine walikuwa Shimoni zamani, tangu enzi za ukoloni, na wengine walikimbia Pemba kwa sababu ya Mapinduzi yenyewe, kwa hiyo hawakuwa na namna ya kufika kabla hayajatokea. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akatangulia dago na mwingine akamfuata baada ya mtafaruku, sheria iliwaweka kando mbalimbali za mstari. Wajukuu wao wanavua kwa wavu mmoja wa jarife.

Tena aliyetangulia alivuka mpaka gani? Ukanda wa maili kumi wa Mwambao ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiusimamia tu, na bendera yake nyekundu ikapepea juu ya Fort Jesus hadi siku ya uhuru, makubaliano ya Oktoba 1963 yalipouingiza moja kwa moja katika Kenya. Aliyetweka tanga Pemba mwaka 1955 na kushuka Shimoni alitoka kwa Sultani akafika kwa Sultani. Jina la Tanzania lilikuwa halijatungwa. Tunapomwambia leo aliingia bila kibali, tunamdai pasi ya safari ambayo mwenye nchi alikuwa yuleyule.

Je, maneno ya wazee yanaweza kupimwa? Naona yanaweza, kwa anayejua bahari. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Oktoba na kusukuma vyombo kuelekea kaskazini. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi, na anayetoka Pemba kuja Kwale wakati huo huenda bisha, yaani kwa kupigana na upepo. Mzee akisema walivuka kwa kusi, na Mapinduzi yakawakuta wameshajenga Shimoni, amekupa tarehe bila kujua: kusi ya mwisho kabla ya Mapinduzi ni ile ya 1963, iliyokwisha kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa. Nahodha hodari huweza kuvuka hata kwa kaskazi, kwani mkondo wenyewe ni kama kilomita 50, kwa hiyo upepo haumalizi kesi. Lakini ukiuliza chombo kilikuwa cha nani, nani alikuwa imamu pale waliposhuka, nani alizikwa mwaka ule, na ukawauliza watu watatu kila mmoja peke yake, uongo huanza kugongana wenyewe.

Karatasi nazo tusizitukuze. Kipande, kitambulisho cha mkoloni, kilikuwa cha wanaume, na hata baada ya uhuru mwanamke hakuandikishwa kupata kitambulisho hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Bibi aliyefika 1950 angeandikwa wapi? Wamakonde, waliotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, angalau walikuwa na mwajiri: mashamba ya mkonge, kiwanda cha sukari cha Ramisi, daftari la mshahara mahali fulani. Mvuvi hana daftari.

Na serikali yenyewe imekuwa ikiamini maneno ya wazee kila inapotaka kukataa. Wanubi na Wasomali waliozaliwa Kenya walipitishwa mbele ya kamati za kupigwa msasa kwa miaka mingi, na neno la mzee likaweza kumnyima kijana kitambulisho. Utaratibu huo Rais alitia saini kuufuta huko Wajir, Februari 2025. Ikiwa ushahidi wa mdomo ulitosha kumtoa mtu, sioni kwa nini usitoshe kumwingiza.

Kutambuliwa kwa jamii hakukufuta swali la mtu mmojammoja, huyu ni Mpemba wa hapa au ameshuka juzi, na litaulizwa tena kila mtoto anapofika miaka 18. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1963 amepita 80 sasa. Kaunti za Kwale na Kilifi zina maofisa wa utamaduni, na kinasa sauti kimo katika kila simu. Waanze na akina bibi, maana ndio hawana kipande, na wawaulize pia habari za dago bila kuwatisha.