Ziwa Likifungwa, Mvuvi Aulizwe Kwanza

Mwaka 2024, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, Ziwa Tanganyika lilifungwa. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilikubaliana kwamba dagaa na migebuka wapewe nafasi ya kuzaliana. Miezi ile mitatu simu kutoka Kigoma hazikukatika huku Minnesota, Marekani, ninakoishi. Wengine walisema ziwa limechoka kweli, lipumzike. Wengine walikuwa wanauliza ada ya shule itatoka wapi. Pande zote mbili nazielewa. Ila kuna ziwa moja la huku ambalo historia yake ningependa kila mwalo wa Kigoma uisikie.

Ziwa hilo linaitwa Upper Red Lake, kaskazini mwa jimbo. Ni pana, lakini hata penye kina kirefu halifiki mita 6, wakati Tanganyika letu linakwenda chini zaidi ya mita 1,400. Maji ya kina kifupi hupoa upesi, kwa hiyo Upper Red huganda mapema kuliko maziwa mengi ya jimbo, na barafu ikishakaza watu wanahamia juu yake. Inchi 4 za barafu angavu hubeba mtu kwa miguu. Gari dogo linataka inchi 9 au 10. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, haina nguvu hiyo, kwa hiyo unene wa kutegemea huzidishwa mara mbili. Wenye kambi za uvuvi husafisha barabara kwa magreda juu ya ziwa, wanaweka madaraja kwenye nyufa, na vibanda vya uvuvi vinajipanga kama kijiji, vingine vikiwa na vitanda na jiko.

Uvuvi wenyewe unaanza na keekee kubwa ya kutoboa barafu. Tundu likishatokea unachota vipande vya barafu kwa mwiko wenye matundu, halafu unateremsha ndoana. Sheria ya Minnesota inaruhusu mishipi miwili kwa mtu wakati wa barafu, na wengi hutumia mmoja kwa kuupandisha na kuushusha ili chambo kicheze, wa pili wanauacha umetulia na kiboya chake. Chambo ni samaki wadogo walio hai. Anayetafutwa zaidi ni wolai, wenyeji huandika walleye, samaki mwenye macho makubwa yanayong'aa akimulikwa, maana nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga. Kwenye maziwa yenye maji maangavu hula zaidi jua linapozama na alfajiri. Upper Red ina maji ya rangi ya chai, mwanga hauendi mbali, basi hata saa sita mchana anaweza kuvuta. Samaki mwingine ni pechi (perch). Ni mdogo, ana mistari ubavuni, hutembea kwa makundi na hula mchana. Kundi likipita chini ya tundu lako hutakaa bure. Nyama yake ni tamu mno. Mimi humpika kwa mawese yanayouzwa kwenye duka la Waafrika mjini, pamoja na ugali wa muhogo, na sijapata mgeni aliyebakiza.

Jambo lililonigusa zaidi kwenye barafu ni heshima. Utamkuta mwalimu mstaafu, fundi magari, bibi na wajukuu zake, kila mmoja na tundu lake, na hakuna anayemtazama mwenzake kama mtu aliyeshindwa maisha. Kwetu kijana akisema anaingia ziwani, mjini humhesabu aliyekosa shule. Mtu anayejua upepo wa usiku wa Tanganyika, anayesoma mkondo wa maji bila chombo chochote, anastahili kuitwa mtaalamu na kusikilizwa kama mtaalamu. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimezaliwa katika nyumba iliyosomeshwa na dagaa.

Na hapa ndipo historia ya Red Lake inapoingia. Sehemu kubwa ya maziwa haya mawili, Upper na Lower, ni mali ya taifa la Red Lake, watu wa Ojibwe, wenyeji wa asili wa Marekani. Uvuvi wao wa biashara ulianza mwaka 1917 na uliwalisha kwa vizazi. Kufikia miaka ya 1990 wolai walikuwa wamekwisha: nyavu zilikuwa nyingi, ndoana za upande wa serikali ya jimbo nyingi, na samaki wa magendo hawakuhesabika. Mwaka 1997 wavuvi wa Red Lake wenyewe waliamua kuweka nyavu zao chini. Jimbo lilifunga upande wake mwaka 1999, mwaka uleule pande zote zilipotia saini makubaliano ya kulifufua ziwa pamoja. Vifaranga vya wolai zaidi ya milioni 100 vilimwagwa humo katika miaka ya 1999, 2001 na 2003. Uvuvi ulifunguliwa tena mwaka 2006. Leo watu wanasafiri kutoka majimbo mengine kuja kuvua pale.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa Mmarekani anavua kwa starehe, friji yake imejaa, sheria kwake ni nyepesi. Kwa wengi ninaokutana nao kwenye barafu ni kweli. Hawalalamiki kwamba pechi ni 20 tu kwa siku, wala kwamba msimu wa wolai unafungwa mwisho wa Februari hadi katikati ya Mei, kila mwaka, ili samaki watage kwa amani. Lakini wavuvi wa Red Lake hawakuwa wakivua kwa starehe. Walikuwa wakila kutokana na ziwa, kama watu wa mialo yetu ya Kigoma, Kibirizi na Katonga. Walistahimili kwa sababu uamuzi ulianzia kwao, na kwa sababu waliona hesabu: samaki walihesabiwa, matokeo yakaelezwa, na idadi ya kuvua ikapangwa kutokana na matokeo hayo.

Sisi pia hatukuwa wageni wa kupumzisha maji. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa haivuti dagaa, na tangu zamani usiku huo mitumbwi hubaki ufukweni na nyavu hushonwa. Watu wale wale mnaowaona wakorofi wa sheria wamelelewa na kalenda ya mapumziko. Anayetaka kufunga ziwa angeanzia hapo, akae na wazee wa mialo, akae na BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, kabla ya tarehe kupangwa, siyo baada ya tangazo. Na ziwa likifunguliwa, watafiti waje mwaloni watuambie kwa Kiswahili chepesi dagaa walikuwa wangapi kabla na ni wangapi baada. Mvuvi akikosa jibu hilo atatafuta jibu lake gizani, kwa kokoro lenye matundu madogo, na hapo miezi mitatu ya njaa itakuwa imepotea bure.

Fedha nazo zisemwe. Mwenye chombo ana akiba au mkopo. Baharia wake hana. Mama anayenunua dagaa wabichi alfajiri, akawaanika, akawafunga magunia kwa ajili ya wachuuzi, hana hata jina kwenye orodha ya vyombo vilivyosajiliwa. Mpango wowote wa kusaidia unaofuata orodha hiyo unampita.

Kwa hiyo baadhi yetu watu wa Kigoma tulioko Minnesota tumeanza kuchanga. Hatungoji simu za Juni. Kila tarehe ya kufunga itakapotangazwa tunataka fedha iwe imeshafika, na tumekubaliana ianzie kwa wanawake wa kuanika. Tunatafuta watu wa kuaminika pande za Uvira, Kongo, na Rumonge, Burundi, wa kufanya hivyohivyo, kwa kuwa ziwa ni moja.