Bei si siri, jamani!

Hivi bei imekuwa siri ya serikali? Niko Kuala Lumpur, nakusanya vigari vya kuchezea vya Hot Wheels. Mtu anaposti kigari kikali, kadi ya pakiti yake haijakunjika hata pembe, picha kaisogeza mpaka unaona nati za tairi. Unauliza bei. Jibu: "PM tepi." Ndiyo ile ile "njoo inbox" yetu! Watu arobaini wanauliza, arobaini wanajibiwa hivyo hivyo. Unamfuata huko, kimya siku mbili, kisha anakuuliza wewe una ngapi. Kwani muuzaji ni mimi? Mbona mama wa nasi lemak, wali wa nazi na dagaa wake wa kukaanga, anataja bei kabla hujakaa? Andika ringgit ngapi, tununue au tupite!