Usiku Nilipogeuka Plagi ya Pikapu

Kwa miaka 11 nimewafundisha wanafunzi wa sekondari hapa Nairobi kwamba umeme unaopita upande mmoja tu bila kurudi, kama ule wa betri, huitwa mkondo mnyoofu, na kwamba ule unaokwenda na kurudi, kama wa soketi za nyumbani, huitwa mkondo geu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si wa fizikia, na istilahi hizo nazijua kama jina langu. Baba mkwe alipotutembelea kutoka Machakos, niligundua kwamba mkondo wenyewe ulikuwa haujawahi kutambulishwa kwangu.

Baba mkwe, dereva wa lori aliyestaafu, ana vitu viwili asivyotaka viguswe: pikapu yake na taarifa ya habari ya saa moja jioni. Siku hiyo stima ilipotea mtaani kwetu Umoja saa kumi na mbili na nusu, naye akiwa amesinzia kwenye kochi. Mke wangu akanitazama kwa lile jicho la kunikumbusha kwamba mume wa dada yake ana jenereta.

Kabatini nilikuwa na transfoma niliyoitoa kwenye redio mbovu, imeandikwa 240 upande mmoja na 12 upande wa pili, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuteremsha volti 240 za ukutani hadi 12 zinazohitajiwa na redio. Nikawaza kwamba ngazi ya kuteremkia ndiyo hiyo hiyo ya kupandia: nikiingiza 12 kwa chini, 240 zitatokea juu, na baba mkwe ataamka akute habari zinasomwa. Naomba msomaji asicheke bado, kwa maana hoja hiyo ingesimama kama umeme wenyewe ungekuwa wa mkondo geu. Lakini volti 12 nilizokuwa nazo karibu zilikuwa zimeegeshwa uani, ndani ya pikapu.

Nikazitoa funguo kwenye koti la mzee, mlinzi wa ploti akanimulikia tochi, nikaifungua betri kwa spana na kuipandisha hadi ghorofa ya tatu nikiwa nimeikumbatia kama mtoto aliyelala njiani. Nikaunganisha waya, nikachomeka televisheni, nikasubiri.

Kimya. Hata transfoma yenyewe haikuguna, na kimya hicho kingenionya kama ningekuwa na akili. Transfoma haipitishi umeme kama bomba lipitishavyo maji. Koili ya kwanza, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, hutengeneza usumaku, na ni pale tu usumaku huo unapobadilika ndipo koili ya pili hupata volti. Stima yetu ya hetsi 50, yaani mizunguko 50 ya kwenda na kurudi kila sekunde, hugeuza mwelekeo mara 100 katika sekunde hiyo, na ndiyo sababu transfoma za nguzoni hunguruma usiku kucha. Betri ilitengeneza usumaku mara moja, ukatulia, na kutoka hapo koili yangu ikawa kipande cha waya tu kinachounganisha chanya na hasi, kikizidi kupata moto.

Nilidhani kosa liko kwenye plagi ya televisheni, nikaichomoa, nikazishika ncha mbili za upande wa 240 ili nizikague. Hapo vanishi ya koili ikaanza kuungua na moshi ukatanda sebuleni. Kwa mkono wa kulia nikaunyofoa waya wa betri, huku wa kushoto ukiwa bado umezikumbatia zile ncha. Mkondo ulipokatika, usumaku uliporomoka kwa ghafla, na badiliko hilo la ghafla ndilo transfoma ilikuwa ikilisubiri tangu mwanzo. Televisheni haikuwaka, niliwaka mimi. Ukelele nilioutoa uliwafungulisha majirani milango hadi ghorofa ya tano.

Baba mkwe akafumbua macho gizani. “Ni saa moja?” akauliza.

Alipomulika na kuiona betri yake sakafuni, alinyamaza kwa muda ambao sitausahau. “Mwanangu,” akasema hatimaye, “unajua koili ya gari la petroli inavyoipa plagi ya injini cheche? Unaipa umeme wa betri, kisha unaukata ghafla. Wewe leo umekuwa plagi.”

Kwa kuwa mwalimu hakubali kushindwa mbele ya mke wake, nikamjibu kwa heshima kwamba mkondo mnyoofu si wa kudharauliwa, maana tangu 2022 unatuletea umeme kutoka Ethiopia kwa waya wa zaidi ya kilomita 1,000, kwa volti 500,000, hadi Suswa.

“Na huko Suswa,” akasema, “wamejenga mitambo ya kuugeuza. Wewe umetumia redio.”

Niliirudisha betri peke yangu, kwa sababu mlinzi alikwisha kusikia ule ukelele na hakutaka tena kuhusishwa. Kibano kimoja kilikataa kukaa, nikakigonga kwa jiwe mpaka kikatii. Nilipofunga cha pili iliruka cheche kubwa, nami nikaichukulia kuwa dalili njema kwamba umeme umefika.

Asubuhi pikapu haikutoa hata kikohozi. Fundi aliyeitwa alifungua boneti, akaangalia, akaanza kucheka peke yake. Plagi ya pini mbili, alieleza, unaweza kuichomeka ukutani vyovyote na taa ikawaka, kwa sababu mkondo wenyewe unageukageuka. Betri ina chanya na hasi, na kichwa cha chanya hufanywa kinene kusudi kibano cha hasi kisiingie. Fyuzi kubwa ilikuwa imeungua, pamoja na zile dayodi za alternata, jenereta ndogo ya gari, ambazo kazi yake ni kuunyoosha mkondo geu ili uweze kuchaji betri.

“Ni nani aligonga hapa kwa jiwe?” fundi akauliza.

Baba mkwe hakunitaja. Alikwenda langoni, akamwagiza mlinzi kwamba kuanzia siku hiyo mtu yeyote akionekana karibu na boneti ile azuiwe, hata akisema ni mwalimu.